Deni Lenye Mwezi wa Mwisho

Wiki ya maandamano ya Bikira Maria, Mama wa Nazaré, wakati mji wetu wa Belém, hapa Brazili, wote unanukia majani ya muhogo yanayochemka, baba mkwe wangu Venâncio alisimama mbele ya keshia amempakata bata aliyegandishwa kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nyuma yake nilikuwa mimi na kikapu cha vitunguu. Nyuma yangu alikuwa jirani yetu Doralice, ambaye Mungu hakumnyima macho wala mdomo.

Venâncio akatoa kadi yake ya mkopo. Keshia akaichomeka kwenye mashine, mashine ikalia. Akaichomoa, akaifuta kwenye aproni, akaichomeka tena. Ikalia vilevile.

"Imekataa, baba," keshia alisema kwa sauti ya chini. "Huna nyingine?"

"Hiyo haiwezi kukataa. Mimi nalipa kila mwezi."

"Labda imejaa."

"Imejaa nini?"

Doralice akachungulia juu ya bega langu. "Mzee Venâncio, bata wako kaota mabawa. Huyo, karuka."

Watu kwenye foleni wakacheka. Baba mkwe hakucheka wala hakukasirika. Alimchukua bata, akamrudisha mwenyewe kwenye jokofu, akamlaza taratibu, akafunga mlango wa kioo na kufuta kwa mkono wa shati alama za vidole alizoacha. Kisha akatoka nje, akanisubiri kwenye jua, kofia mkononi.

Huyo alikuwa mtu ambaye ujana wake wote na utu uzima wake aliumalizia kwenye kiwanda cha barafu karibu na soko la samaki. Alisukuma mapande ya barafu marefu kuliko yeye tangu alfajiri, mpaka ncha za vidole vyake zikafa ganzi. Mpaka leo ukimpa kikombe cha kahawa ya moto hakisikii. Mimi niliingia nyumba ile kama bibi harusi wa mwanawe wa pekee, Adenilson, anayefanya kazi kwenye migodi ya chuma huko kusini na kurudi nyumbani kwa zamu. Mama mkwe, Odete, alinipokea vizuri, akaugua, akafa. Tukabaki mimi na mzee, yeye na redio yake, mimi na cherehani yangu.

Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akiazima hata sukari kwa jirani. Siku ya pensheni alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda benki, akapanga foleni, akapokea pesa zake kwa mkono dirishani. Tulimwambia mara nyingi kwamba siku hizi pesa zinatoka kwenye mashine bila foleni. Alisikiliza, akashukuru, na mwezi uliofuata akapanga foleni tena. Akishazipokea noti alizipapasa moja moja, ingawa vidole vyake havikuhisi kitu. Kutoka hapo miguu yake ilikuwa na njia moja tu: dirisha la kulipia kadi.

"Dawa ya deni ni kulipa," alikuwa akisema, na sisi tulimwona mfano. Adenilson aliniambia mara nyingi, "Mtu kama baba hazaliwi tena."

Alasiri ile mvua ilishuka kama kawaida yake, ikapiga mabati mpaka hatukusikilizana. Ilipopungua nikamwomba anionyeshe karatasi ya kadi. Alinipa bila ubishi. Mimi si mtu wa elimu kubwa, mimi ni fundi wa nguo, lakini kusoma najua. Nikasoma, nikadhani nimesoma vibaya, nikasogea dirishani kwenye mwanga, nikasoma tena.

Kadi ile ilikuja nyumbani wakati Odete anaugua. Dawa zilinunuliwa kwayo, teksi za hospitali zililipwa kwayo, na mwisho jeneza. Vyote pamoja vilifika kama reais, pesa za kwetu, elfu mbili na mia nne. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu tumzike. Karatasi mkononi mwangu ilisema Venâncio bado anadaiwa kama reais elfu mbili na mia nne.

"Baba, kila mwezi unalipa ngapi?"

"Wanachoandika. Hapo kwenye kisanduku."

"Hapa pameandikwa kima cha chini. Mia tatu na zaidi."

"Ndiyo. Wanaomba hicho, nawapa hicho. Sijachelewa hata siku moja, mwanangu."

"Najua hujachelewa. Lakini hiki unachowapa karibu chote kinaliwa na riba. Kinachobaki unakitumia kwenye gesi ya kupikia, kwa kadi hiyohiyo. Deni lenyewe halijaguswa, baba. Limekaa palepale."

Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama mvua.

"Yaani jeneza la Odete," alisema, "bado sijalilipia?"

"Umelilipia, baba. Umelilipia mara tano."

Na mimi nilikaa mbele yake nikiogopa, kwa namna mtu anavyoogopa akiwa mbele ya kitu kikubwa kuliko akili yake. Nilikuwa nimeishi chumba cha pili na jambo lile, nikishona sare za shule na magauni ya harusi, na kila mwezi mzee yule alikuwa akitoka na shati lake lililopigwa pasi kwenda kujaza pakacha maji. Hakulalamika. Alipunguza nyama, tukadhani ni umri. Aliacha kwenda kuangalia mpira uwanjani, tukadhani ni majonzi.

Kesho yake nikapiga simu kwa watu wa kadi. Nikafungua spika ili naye asikie. Baada ya muziki mrefu akaja kijana mmoja mwenye adabu, akasema wanaweza kuligawa deni kwa mafungu, riba itapungua kidogo. Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani. Aliposema, hata mimi nisiyejua mahesabu nikaona ni kutolewa mdomoni mwa mamba na kupewa chatu.

"Hamna nafuu nyingine?"

"Kwa sasa hapana, dada. Lakini Bwana Venâncio ni mteja mzuri sana. Tunampenda. Angetaka tungeweza kumwongezea kikomo cha kadi."

Nikakata simu. Mzee alikuwa anatabasamu kidogo, mdomo umefungwa. "Wamenisifu," alisema.

"Hata ng'ombe wa maziwa husifiwa," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Doralice, amebeba bakuli limefunikwa kitambaa. Nadhani alikuja kuomba radhi kwa ajili ya bata, ila kuomba radhi si fani yake, kwa hiyo alileta chakula. Aliweka bakuli mezani, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Nimesikia. Msininunie, mlango ulikuwa wazi. Mzee, mimi kadi yangu ilinila hivyohivyo. Unajua nilifanyaje? Nilikopa penye riba ndogo nikaenda kuiua ile ya riba kubwa."

"Kukopa ili ulipe deni," Venâncio alisema. "Hiyo si kuhamisha jipu kutoka gotini kwenda pajani?"

"La pajani linaiva, linapasuka, linapona. Hilo lako la gotini utazikwa nalo. Wewe si una pensheni?"

"Ninayo."

"Basi. Benki wanakukopesha juu ya pensheni. Wanakata kila mwezi moja kwa moja, hawana hofu kwamba utakimbia, ndiyo maana riba yao ni ndogo. Mia na thelathini hivi kwa mwezi, na mia tatu zako zinapumzika."

"Wanakata lini?"

"Kabla haijakufikia. Hata huioni."

Venâncio akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, sijawahi kumwona hivyo. "Kabla haijanifikia mkononi?"

"Ndiyo, kabla."

"Hapana," alisema. Akavaa kofia, akatoka kwenda uani, akasimama kwenye manyunyu karibu na pipa la maji, ametupa mgongo.

Doralice akanigeukia. "Shoga, nimemtukana mahali?"

"Sijui," nikamwambia, na kweli sikujua.

Adenilson alirudi kwa ajili ya sikukuu. Jumapili tulisimama barabarani tangu asubuhi na mji wote, tukaiona sanamu ya Mama ikipita juu ya bahari ya vichwa, na watu pekupeku wameng'ang'ania kamba ya kukokota gari lake mpaka mikono inatoka damu. Tukarudi nyumbani, tukala kuku aliyepikwa kwa supu ya njano ya maji ya muhogo, ambayo miaka mingine huwa ya bata. Mimi nilikuwa nimemweleza mume wangu mambo yote. Baada ya chakula akasema kwa upole, "Baba, hilo la pensheni ambalo Doralice amelisema ni jambo la kawaida. Watu wengi wanafanya. Kwa nini hutaki?"

Mzee alisukuma sahani yake kando. Halafu akatuambia jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kulisikia.

Baba yake Venâncio alitoka jimbo la Ceará wakati wa Vita Kuu ya Pili, akikimbia ukame, akapandishwa mto Purus na mke na mtoto kwenda kugema utomvu wa mpira msituni. Nauli ya meli iliandikwa deni. Kisu cha kugemea, deni. Chumvi, unga, risasi, dawa ya malaria, vyote vilitoka kwenye duka la bwana mwenye msitu, na vyote viliandikwa. Hakuna aliyelipwa pesa mkononi. Mpira ulishushwa mtoni, ukapimwa na bwana mwenyewe, ukaingia kwenye deni, na kama ulizidi hukuona, na kama ulipungua uliambiwa.

"Nilikuwa naenda naye kwenye mizani," mzee alisema. "Mabonge meusi, yananuka moshi. Baba alikuwa hodari, alileta mengi kuliko wenzake. Bwana anapima, anampiga begani, anamwambia, 'Wewe ni mtu mwema, unalipa vizuri, bado kidogo tu.' Na baba anafurahi. Njia nzima tukirudi anafurahi, kwa sababu bwana ame..."

Mkono wake ulikuwa mezani, kwenye makombo ya unga wa muhogo. Akayasukuma makombo kando.

"Wamenisifu na mimi," alisema. "Juzi. Kwenye simu."

Hakuna aliyesogea. Mtaani watu walikuwa wakirusha fataki za Bikira, na ndani ya nyumba ile ilikuwa kana kwamba mtu ameingia na kusimama nyuma ya kiti cha mzee, mtu ambaye sote watatu tulimwona. Nimewahi kuona mto ukibomoa kingo na kuchukua nyumba nzima pamoja na kuku juu ya paa. Sikuhisi siku ile nilichohisi mezani pale.

Baada ya muda akamalizia. Baba yake alikufa kwa homa msimu wa mvua. Bwana alikuja, akavua kofia, akampa pole mjane, akamwambia deni sasa ni lake na la mtoto. Wiki chache baadaye mama yake alimwingiza kwenye mtumbwi, akamfunika kwa majani ya michikichi, akapiga kasia kuteremka mto mchana kweupe, akiwapungia mkono watu wa bwana kana kwamba anakwenda kufua. Waliokamatwa wakitoroka na deni walipigwa risasi. Yeye alipiga kasia na kuimba.

"Akaniapisha," mzee alisema. "Kwamba jasho langu lisipite mikono ya mtu mwingine kabla halijafika mkononi mwangu. Ndiyo maana napanga foleni. Nataka kuzigusa."

Adenilson alifuta macho bila kuficha. "Baba, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba sisi ni watu tuliotoroka deni?"

Nilidhani jambo limeishia hapo, na nilikuwa tayari kukubali. Nani angemwambia mtu huyo avunje kiapo cha mama yake? Lakini asubuhi moja baada ya sikukuu, Adenilson akiwa amesharudi kazini, nilimkuta mzee jikoni amevaa shati lililopigwa pasi, na haikuwa siku ya pensheni.

"Twende kwa hao wa Doralice," alisema. "Nataka kumuuliza mtu maswali. Nikiridhika nitatia sahihi. Nisiporidhika tutakula aiskrimu na kurudi."

Benki walitupeleka kwa binti mmoja aitwaye Keila, mwenye bangili nyingi na sauti ya kuzoea wazee. Alianza maelezo yake. Venâncio alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kofia gotini.

"Binti, nikileta pesa zaidi ya mnazokata, mtazikataa?"

"Hapana, babu. Ukilipa mapema tunapunguza riba ya miezi iliyobaki. Ni haki yako."

"Na mizani ni ya nani?"

Keila akanitazama. Nikasema, "Anauliza atajuaje kwamba hesabu ni ya kweli."

"Aa. Kiasi cha kila mwezi hakibadiliki, babu. Ni hicho hicho mwanzo mpaka mwisho. Hata mimi siwezi kukibadilisha, hata meneja."

"Na nikifa?"

"Watoto wako hawalipi kwa mifuko yao. Hawarithi deni kuzidi ulichoacha."

Midomo ya mzee ilikuwa ikirudia maneno yale bila sauti. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililomtoa nyumbani.

"Umesema mwanzo mpaka mwisho. Huo mwisho upo wapi?"

Keila akageuza karatasi, akaweka ukucha wake uliopakwa rangi chini ya mstari. "Hapa. Fungu la mwisho. Mwezi wa kumi, miaka miwili kutoka sasa."

Venâncio akainama mpaka uso wake ukakaribia kugusa meza. Akaweka kidole chake kilichokufa ganzi juu ya ule mwezi, akakiacha pale. Watu nyuma yetu walikuwa wakisubiri, namba zikiitwa, mtoto akilia. Yeye aliutazama mwezi ule kama nilivyowaona watu wakiitazama sanamu ya Mama ikipita.

"Jucilene," aliniita jina langu, yeye ambaye siku zote huniita mwanangu. "Deni lina mwezi wa mwisho."

"Ndiyo, baba."

"Baba yangu hakuonyeshwa mwezi."

Keila hakuelewa, lakini bangili zake zilinyamaza. Alisubiri bila kumhimiza, na kwa hilo nampenda mpaka leo. Mzee akatia sahihi polepole, kila herufi peke yake.

Pesa zilipoingia tulikwenda siku hiyohiyo kulimaliza deni la kadi lote. Mhudumu wa dirisha lile alimjua. Akamuuliza kama angependa kubaki na kadi, kwa dharura, bila gharama mwaka mzima. Venâncio akanigeukia: "Fundi, una mkasi?" Mkasi fundi hakosi. Akaikata kadi vipande juu ya kaunta, akaomba karatasi inayosema imefungwa, akaisubiri kwa subira mpaka ikachapwa.

Siku ya pensheni iliyofuata niliona afadhali nimsindikize. Dirishani alipewa pungufu, kama tulivyojua. Mkono wake ulisita hewani, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akazipokea. Akazipapasa. Tukatoka nje, na hapo akasimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku. Miaka mitatu miguu yake ilitoka mlango ule ikakata kushoto kwenda kulipa. Sasa hapakuwa na kushoto.

"Twende wapi?" aliniuliza.

Hakuwa anatania. Alikuwa na pesa mfukoni, zake, na mchana mzima mbele yake, na hakujua pa kwenda. Tulikwenda sokoni tukala samaki wa kukaanga na bakuli la uji mzito wa tunda la açaí na unga wa muhogo, na alipomaliza akaagiza jingine, akaniangalia kama ataulizwa. Hakuulizwa.

Kilichofuata kilikwenda kimyakimya. Nyama ilirudi nyumbani. Alichookoa alikipeleka kwa Keila mara kwa mara, naye akampunguzia riba kama alivyoahidi, hata deni likaisha kabla ya ule mwezi alioutia kidole. Nilifikiri atafanya sherehe. Alipika kahawa, akasikiliza mpira redioni.

Halafu akaanza kupotea alasiri. Doralice alieneza habari kwamba ana mwanamke. Siku moja mzee akaingia uani amekaza midomo, mimi na Doralice tukiwa tunachambua kamba wadogo, na Adenilson alikuwa kwenye simu akinieleza habari za zamu yake. Mzee akasimama mbele yetu, akafungua mdomo. Alikuwa amejaa meno meupe, mapya, juu na chini.

Lazima niseme kwamba tangu nilipoolewa sikuwahi kumwona akicheka mdomo wazi. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Kumbe alikuwa akificha mapengo, na daktari wa meno alikuwa mmoja wa watu waliosubiri miaka yote ile nyuma ya watu wa kadi.

Doralice alimkagua kutoka kushoto kwenda kulia. "Mzee," alisema, "farasi uliyemng'oa hayo meno anakula nini sasa?"

Venâncio akacheka. Kicheko kilitoka kikubwa, cha mtu mrefu kuliko yeye, kikapanda juu ya ukuta wa uani, mbwa wa jirani akabweka. Kamba walinianguka mkononi. Doralice, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikaa kimya kabisa.

"Nani huyo anacheka?" Adenilson aliuliza kwenye simu.

"Baba yako."

Nikasikia mashine za mgodini zikinguruma mbali. Kisha mume wangu akaniomba niisogeze simu karibu.